Ngezi na Vumawimbi, Pemba: niliyoyaona mimi seremala siku tatu

Mvule nimeupiga randa miaka thelathini na moja. Najua mbao yake ikitoka kwenye msumeno ina rangi ya manjano, na ukiiacha juani miezi michache inageuka rangi ya kahawa. Najua vumbi lake linavyowasha macho na koo. Najua mchwa hawaipendi, ndiyo maana milango ya wazee wetu ingali imesimama. Lakini mti wenyewe, ukiwa hai na majani yake, katikati ya msitu wake, sikuwahi kukaa chini yake hata siku moja mpaka Septemba iliyopita nilipokwenda Pemba na binti yangu wa mwisho.

Kila niliyemuuliza kabla ya safari alinieleza Pemba kwa habari ya fukwe tu. Vumawimbi hivi, Verani vile. Na Ngezi je? "Ule msitu unaupita njiani tu, barabara inaukata katikati, nusu saa umemaliza." Nimekwenda, nimerudi, na nasema si hivyo. Nenda Pemba kwa ajili ya Ngezi, na pwani iwe pahala pa kuoshea jasho la msituni.

Sisi tulitoka Tanga kwa meli, na kwa sehemu hiyo ya safari sina sifa za kutoa. Tuliambiwa saa tatu usiku, tukang'oa nanga karibu na alfajiri, na muda wote huo hakuna aliyekuja kutueleza lolote. Kina mama walilaza watoto sakafuni juu ya kanga. Mzee mmoja mwenye kisukari aliniomba chai, nikamnunulia kwa muuza gahawa wa nje ya geti. Kuchelewa naelewa, bahari ina mambo yake, lakini kumwacha mtu mzima amekaa saa nane bila neno si adabu. Ukisafiri na mtoto au mgonjwa, beba maji na chakula cha usiku mzima.

Kulipopambazuka tulikuwa tumeshaiacha bara nyuma na maji yamegeuka rangi ya nili. Binti yangu anasomesha jiografia sekondari, akaniita ukingoni. "Baba, angalia rangi. Hapa chini kina ni mamia ya mita." Akanieleza kwamba zamani sana, bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara, watu na wanyama wangeweza kuvuka kwa miguu. Pemba haikuungana. Mkondo huu wenye kina kirefu umeitenga muda mrefu mno, na ndiyo sababu ina viumbe visivyopatikana pengine popote duniani: popo wake, mti wake wa mpapindi, na ndege wake: ninga, bundi mdogo na chozi. Nilisikiliza kama mzazi anavyomsikiliza mwanawe, kwa kumfurahia yeye zaidi ya maneno. Siku mbili baadaye ndipo maneno yenyewe yaliponiingia.

Kutoka bandari ya Mkoani tulipanda gari mpaka Chake Chake, na kutoka Chake mpaka Wete. Ulikuwa msimu wa karafuu. Kila ubaraza una jamvi, na kila jamvi limejaa, nyingine mbichi bado na rangi ya kijani, nyingine zimeshakauka na kuwa nyekundu ya kukolea. Watoto wamekaa duara wanachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Kuna mahali dereva alipunguza mwendo akapita taratibu kando ya jamvi lililoanikwa ukingoni mwa lami, kama mtu anayepita nyuma ya watu wanaosali. Harufu ile ilikaa kwenye mashati yetu mpaka tukarudi Tanga.

Wete tulilala nyumba ya wageni ya kawaida, shuka safi, feni inazunguka, asubuhi chai ya maziwa na vitumbua. Sina zaidi la kusema juu yake isipokuwa kwamba Wete ni mbali na msitu. Asubuhi tulichukua daladala ya Konde, na Konde tukapata bodaboda mbili mpaka geti la Ngezi. Pale Konde ndipo nunua maji, mkate na ndizi. Mbele ya hapo usitegemee duka.

Getini unalipa kiingilio na unapewa mtembezaji. Beba kitambulisho chako. Nawaomba sana ndugu zangu, msijaribu kukwepa gharama ya mtembezaji kwa kusema "sisi ni wenyeji, tunajua miti". Mimi ninaijua miti kwa kazi, na bila yule bwana ningepita pale kama kipofu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji wa Makangale, amevaa mabuti ya mvua na mkononi fimbo nyembamba tu. Hakutuhutubia. Alitangulia hatua kumi, akasimama, akasubiri tuone wenyewe, na tusipoona ndipo anyooshe ile fimbo.

Ukiiacha barabara na kuingia ndani, joto linashuka pale pale. Mwanga unakuwa wa kijani. Ardhi inabonyea chini ya mguu, imejaa majani yaliyooza, na kila mahali kuna sauti ya maji yanayodondoka ingawa mvua haijanyesha. Hatukuwa tumetembea robo saa nilipofika kwenye shina moja nene nikaligonga kwa vifundo vya vidole, kama ninavyofanya nikinunua gogo. Yule bwana aligeuka.

"Mzee, kazi yako nini?"

"Seremala."

"Basi njoo."

Akatutoa kwenye njia tuliyokuwa tukiifuata, akatupeleka penye mabaki ya kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao. Wageni wengi, alisema, wanapapiga picha na kupita. Mimi nilikaa pale karibu nusu saa. Kuna vyuma vizito vilivyoshikwa na kutu mpaka vimekuwa rangi moja na udongo, na mizizi imepita juu yake na kuvikumbatia. Niliweka kiganja kwenye gurudumu moja. Ngezi ilikatwa sana kabla ya kuhifadhiwa, mbao zikatoka kwa wingi. Nilifikiria milango na makabati ya zamani niliyowahi kuletewa kutengeneza, ambayo wenyewe husema "hii mbao ya kisiwani hii". Huenda nyingine zilipita hapa. Sikuona haya kwa kazi yangu, kwa maana watu lazima walale kitandani na wafunge mlango. Lakini nilitaka kujua kilichobaki.

"Mvule mmebakiza?" nikamuuliza.

Hakujibu. Alitembea tu, tukamfuata.

Wenye kuujua mvule kwa mbao peke yake wanisikilize. Ule aliotuonesha hauna tawi mpaka juu kabisa, nililazimika kushika kofia ndipo nione lilipoanza la kwanza. Shina limenyooka, nilijaribu kulipima kwa mikono, mimi na binti yangu tukishikana hatukulimaliza. Gome ni la kijivu iliyokoza, na pale lilipochubuka hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo sikuwa nikiujua! Kwangu mvule hufika umekauka. Nilipoguswa na tone kidoleni na kuona linavyonata, nilielewa kitu ambacho kimenisumbua toka niko mwanagenzi. Kwenye mbao ya mvule mara nyingine unakutana na jiwe, jiwe kweli, jeupe, gumu, limejificha ndani ya mbao bila dalili yoyote juu. Limenivunjia meno ya msumeno na kunipigia pengo kwenye randa mara zisizohesabika. Bwana mkubwa aliyenifunza kazi alikuwa akisema mti umemeza jiwe ukiwa mdogo. Yule mtembezaji alicheka kwa upole, akasema mti haumezi mawe, unayatengeneza wenyewe: chokaa hujikusanya ndani ya shina, hasa palipo na kidonda, ikagandamana ikawa jiwe. Kwa hiyo kila jiwe nililolitukana karakanani lilikuwa kovu la mti.

Akaendelea. Kuna mvule dume na mvule jike, akasema, na jike ndiye mwenye kuzaa matunda. Tunda lake ni laini, na mbegu zake ni ndogo mno kuliko unavyotazamia kwa mti wa kimo kile. Nikamuuliza nani anayeipanda mbegu hiyo, maana chini ya mti wenyewe sikuona mche hata mmoja, kivuli ni kizito.

"Popo," akasema. "Popo wala matunda. Anakula hapa, mbegu inamtoka akiwa anaruka, inaangukia mbali penye jua."

Nyumba yangu, ada za wanangu wanne, na cherehani ya mama yao vimetoka kwenye mvule. Na sikuwahi kumfikiria popo kwa wema hata mara moja. Kwetu tukimwona kwenye mwembe tunamrushia mawe.

Mengine nitayapitia upesi. Mpapindi ni mti mwembamba wa Pemba wa jamii ya minazi, wenye pete pete shinani, mzuri hasa, na watu wa nchi nyingine wanaupanda bustanini kwa urembo wakati sisi hatujui hata jina lake. Mwavi nao upo, ule ambao gome lake lilitumika zamani kuwaapisha watuhumiwa wa uchawi, na mtembezaji alitukataza kuuchezea. Tumbili wako wengi. Ninga tulimsikia, hatukumwona. Kuna kima punju waliohamishiwa Ngezi kutoka Unguja miaka ya 1970, lakini hawakujitokeza kwetu. Paa tuliona alama za kwato tu. Msitu si bustani ya wanyama, anayetaka kuona kila kitu kwa saa moja atachukia.

Mchana tulitembea kwenda Vumawimbi, mwendo wa saa moja na ushee kwa utaratibu wetu. Unaweza kwenda kwa pikipiki, lakini kwa miguu unauona msitu unavyobadilika, miti inapungua kimo, udongo unakuwa mchanga, halafu ghafla mbele kuna mwanga mweupe. Pwani imepinda kama mundu, ndefu, mchanga laini unaolia chini ya nyayo. Hapakuwa na hoteli pale tulipokuwa, wala viti, wala muziki. Vibanda vya wavuvi vya makuti, ngalawa mbili zimepandishwa juu, na vijana watatu wanashona nyavu. Tuliwapa salamu, wakatujibu, wakaendelea na kazi yao. Binti yangu aliogelea na dera lake na mtandio, hakuna aliyemtazama mara mbili. Mimi nililala ndani ya maji mpaka vidole vikakunjamana.

Kitu kilichonikera pale ni taka zilizoletwa na maji: chupa, ndala mbovu, vipande vya nyavu za nailoni. Zilijaa zaidi upande mmoja wa ghuba. Tulijaza mfuko mmoja wa salfeti tulioukuta hapo hapo, ikaonekana kama hatukufanya kitu. Lakini ukienda, beba mfuko.

Wanawake kwa wanaume, ukimaliza kuogelea jifunge kanga au msuli kabla hujatoka pwani. Pemba ni watu wa dini na wa staha, na wakarimu kwa anayewaheshimu.

Jioni tulirudi msituni kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupatana na mtembezaji juu ya matembezi ya usiku. Haya lazima uyapange mapema getini, na ulipie mbali. Tulisimama penye uwazi wakati wa magharibi. Kwanza hakuna kitu. Kisha mmoja akapita juu ya miti, taratibu, anapiga bawa kama kunguru na si kama popo ninaowajua wanaochachatika. Kisha watatu. Kisha sikuhesabu tena. Popo wa Pemba mabawa yake yakitandazwa yanazidi mita moja na nusu, na akipita chini unasikia upepo wake. Haoni kwa mwangwi kama popo wadogo, anaona kwa macho yake makubwa na kunusa. Mtembezaji alituambia walikuwa karibu kwisha kisiwani, wakiwindwa kwa nyama na miti yao ya kulala ikikatwa, mpaka vijiji vyenyewe vilipoamua kuwalinda. Nilisimama nimeinua kichwa mpaka shingo ikauma. Binti yangu aliniuliza, "Baba, unalia?" Nilimwambia ni vumbi. Ilikuwa kweli nalia.

Giza lilipokolea tulitembea kwa tochi moja, na muda mwingi imezimwa. Komba walipiga kelele zao. Kisha akaanza bundi mdogo wa Pemba, sauti moja fupi, hu, kimya, hu, kimya. Mwingine akamjibu upande wa pili. Hatukumwona, na wala sikuhitaji.

Kurudi ndipo palipotuharibikia. Bodaboda tuliyepatana naye asubuhi, na kumlipa nusu, hakuja. Simu haipokelewi. Tulikaa barabarani karibu saa nzima na mbu wakatushughulikia. Mwisho mtembezaji wetu mwenyewe alitutoa mmoja mmoja kwa pikipiki yake mpaka Konde, akakataa pesa ya mafuta mpaka nilipomtilia mfukoni kwa nguvu. Somo lake kwako ni hili: usilipe nusu mapema, na mpange usafiri wa usiku na watu wa geti wenyewe. Au bora zaidi, tafuta pa kulala karibu, Konde au mbele ya msitu.

Siku ya pili tulikwenda mpaka Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini. Njia inapita penye mashamba ya mipira, kila shina lina mkato wa mshazari na kikopo chake chini. Mnara wa taa ni wa chuma, umejengwa mwaka 1900, na mtunzaji akiwepo anakufungulia upande kwa malipo kidogo. Ngazi ni nyembamba, zinazunguka, mwenye kizunguzungu abaki chini. Binti yangu alibaki. Juu upepo wa kusi ulikuwa unapiga kwa nguvu. Upande mmoja pwani ya Vumawimbi, upande mwingine Verani, na katikati, nyuma, msitu wa Ngezi wote umelala kijani kibichi. Kutoka pale niliona ulivyo mdogo. Ukiwa ndani unadhani hauna mwisho. Ukiwa juu ya mnara unauona mwanzo wake na mwisho wake, na mashamba yameuzunguka. Hilo lilinikaa moyoni kuliko uzuri wa bahari, na bahari ilikuwa nzuri kweli.

Siku ya kuondoka, tukielekea Chake, tuliteremka njiani kwenda Kidike, penye miti wanayolala popo mchana. Kijiji ndicho kinachowatunza, unalipa kidogo. Hapo ndipo utamwona popo kwa karibu. Ananing'inia kichwa chini, amejifunga mabawa kama mwavuli mweusi uliokunjwa, manyoya ya kifuani mekundu ya udongo, uso wa mbwa mdogo mwenye akili. Jua lilipokuwa kali walifungua bawa moja wakawa wanajipepea nalo, taratibu, kama bibi harusi na upepeo wake. Msichana wa pale alitukataza kupiga makofi kuwarusha ili tupate picha, akasema wageni wengine wanafanya hivyo. Msifanye.

Kwa anayetaka kwenda: suruali ndefu na viatu vya kufunika, dawa ya mbu, tochi, maji lita mbili kwa mtu, pesa taslimu. Siku moja haitoshi. Mbili zinatosha kama hukulala mbali kama sisi. Chake nunua halua ya Pemba, sisi tulibeba kilo mbili na hazikumaliza wiki.

Nina vijana wawili karakanani, mmoja ana miaka kumi na tisa, mwingine ishirini na mbili. Wanajua kutofautisha mvule na mninga kwa harufu ya mbao mbichi, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuuona mvule umesimama. Msimu ujao wa karafuu nitawapeleka. Tutalala Konde, tuwe getini jua halijachomoza, na nitamtafuta yule yule mwenyeji wa Makangale. Nauli yao nimeshaanza kuiweka, kwenye kopo la misumari, juu ya kabati.